Ushanga wa marehemu babu una umbo la dundu: ni hirizi, muhuri au pambo tu?

#1 MwanaPangani
Salaam wanajamvi.

Juzi tuligawana vitu vya marehemu babu mzaa mama, mimi nikapewa mkebe wake wa biskuti. Ndani mlikuwa na tasbihi, barua chache na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilipofungua fundo nikakuta ushanga huu.

Babu alikuwa mpishi wa melini. Miaka ya 1950 meli yao ilikuwa ikipita Suez na Port Said mara kwa mara. Bibi anasema aliununua kwa mchuuzi aliyekuja na mashua ubavuni mwa meli.

Nimeupima kwa rula, una urefu wa milimita 16. Mgongoni ni dundu kabisa: kichwa kipo, mabega yapo, mstari unaotenga mabawa upo, na miguu imechongwa kuzunguka ubavu. Tumboni ni bapa, na pamechongwa alama tatu. Juu kuna duara, katikati kitu kama kitana kilicholazwa meno yakiangalia juu, chini dundu mwingine mdogo. Tundu limepita kutoka kichwani hadi mkiani. Rangi yake ni kama majivu, lakini kwenye mifereji ya miguu kumebaki kijani chenye usamawati.

Kinachonitia haraka ni mama. Anasema kitu cha Firauni hakilali nyumbani kwake, kiende baharini. Nimemwomba wiki moja. Naombeni msaada: hiki ni nini, na kilikuwa cha kazi gani?

#2 Ngamia77
Nimekaa mkeka wa mbele, nasubiri wajuzi.

#3 MtuWaWadudu
Wa kuchonga sijui, ila mdudu namjua. Huyo ni dundu wa mavi, kitaalamu *Scarabaeus sacer*. Tazama ukingo wa kichwa chake, utaona vijino kama vya reki. Ndivyo anavyokatia kinyesi. Akishakata hutengeneza tonge, kisha hulisukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini.

Wamisri wa kale waliona tonge la duara likiviringishwa juu ya mchanga wakakumbuka jua linavyovuka mbingu. Halafu waliona madundu wachanga wakichomoza ardhini bila mama wala baba kuonekana. Wakasema huyu anajiumba mwenyewe. Jua la asubuhi wakalipa jina la Khepri na kumchora kwa umbo la dundu. Neno lao *kheper* maana yake ni kuwa, au kutokea.

Ukweli wa chini ya ardhi ni mwingine. Mfaransa Jean-Henri Fabre aliwafuatilia kwa miaka mingi akaonyesha kwamba tonge analoviringisha mara nyingi ni chakula tu. La kutagia yai hutengenezwa shimoni, nalo lina umbo la peasi.

#4 Ngamia77
Kwa hiyo taifa lililojenga piramidi lilikuwa linamheshimu mdudu wa mavi?

#5 Kisimani
Ngamia, wewe umekulia mjini. Sisi tuliochunga ng'ombe tumemfuata huyu mdudu njiani hadi tukachelewa kurudi. Anaanguka na tonge lake, analitafuta, analirudia. Ukimsogezea kijiti anakwepa na kushika mwelekeo uleule. Mtu aliyekaa akamtazama asubuhi nzima hawezi kumdharau.

#6 MtuWaWadudu
Na huo mwelekeo una siri yake, Kisimani. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Marie Dacke walitoa matokeo ya majaribio yao Afrika Kusini kwa dundu wa jamii hiyo wanaotembea usiku. Waliwavisha vikofia vya karatasi ngumu ili wasione angani, wakaanza kuzunguka ovyo. Vikofia vilipotolewa walinyooka tena, hata usiku usio na mwezi, kwa kufuata ule ukanda mweupe wa nyota. Wamisri walimfunganisha na mbingu zaidi ya miaka elfu nne iliyopita bila kujua hilo. Mimi linanisisimua kila ninapolikumbuka.

#7 Mchimbuzi
Turudi kwenye ushanga. MwanaPangani, umeeleza vizuri hata bila picha. Duara ni jua, husomwa *Ra*. Hicho ulichokiita kitana ni ubao wa mchezo wenye kete zilizosimama juu yake, husomwa *men*. Dundu ni *kheper*. Jua huandikwa mwanzo kwa heshima lakini husomwa mwisho. Ukiunganisha unapata Menkheperre, jina la kiti cha enzi la Thutmose wa Tatu, aliyetawala takriban 1479 hadi 1425 KK.

Ila usiruke kwa furaha. Jina la mfalme kwenye ushanga halikwambii ulichongwa lini. Hili hasa liliendelea kuchongwa kwa karne nyingi baada ya yeye kufa, kwa sababu watu waliamini jina lenyewe lina nguvu.

#8 MwanaPangani
Mkuu Mchimbuzi, nimekusoma mara tatu. Ubao wa mchezo! Babu alikuwa hodari wa bao. Asante sana.

#9 MsafiriLuxor
Samahani, mimi nitamwaga maji baridi. Nilisoma Kairo miaka minne na likizo zangu nilizimalizia Luxor. Ng'ambo ya magharibi ya mto, upande wa Qurna, watu wamechonga madundu ya kuwauzia wageni tangu karne ya 19. Wengine ni mafundi haswa. Mwenye duka mmoja alinisimulia kwamba wazee wao walikuwa wanayachanganya kwenye chakula cha bata mzinga, yakitoka upande wa pili yanaonekana ya kale. Sikuona kwa macho yangu, ila hadithi hiyo utaisikia kwa kila mwongoza watalii.

Sasa mchuuzi wa mashua, Port Said, miaka ya 1950, anamuuzia mpishi wa meli. Fikiri mwenyewe.

#10 FundiTabaka
Habari za jioni. Mimi ni mchongaji wa mawe ya Kisii, natoka Tabaka. Nina neno kuhusu jiwe.

Madundu mengi ya Misri yalichongwa kwenye steatiti, yaani jiwe la sabuni, jamii moja na hili ninaloshika kila siku. Jiwe hili likitoka machimboni ni laini, kucha inaliandika. Tunachonga kwa kisu na tupa, tunapiga msasa ndani ya maji ili vumbi lisitumalize mapafu. Kiboko mdogo nammaliza kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sishangai Wamisri waliweza kuweka miguu sita kwenye kitu kidogo kuliko punje mbili za kunde.

Wao waliongeza jambo ambalo sisi hatulifanyi. Baada ya kuchonga walipaka rangi ya kung'aa ya kijani au samawati, wakachoma tanuruni. Moto mkali hulibadilisha jiwe lenyewe, linakuwa gumu kiasi cha kukwaruza kioo. Hicho kijani kilichobaki kwenye mifereji ndicho cha kukiangalia.

Na tundu. Mwenzako wa kale alitoboa kwa keke ya upinde, akaanza upande mmoja hadi nusu, akageuza. Matundu mawili yakikutana katikati ni nadra kulingana sawasawa. Ingiza sindano taratibu uone kama inakwama.

#11 Mchimbuzi
Nakubaliana na Fundi, ila mtu asije akajaribu kukwaruza kioo nao! Sindano pia iwe ya plastiki au kijiti. Ongezea jambo moja: angalia mabega ya dundu, pale mabawa yanapoanzia. Kuna vialama viwili vya pembetatu? Hivyo huonekana sana kuanzia Ufalme Mpya, yaani enzi ya kina Thutmose huyo.

#12 MwanaPangani
Nimetumia kijiti cha ufagio wa chelewa. Kinakwama katikati! Nikimulika kwa tochi ya simu naona kama ngazi ndogo ndani ya tundu, ukuta mmoja umeingia kuliko mwingine. Vialama vya pembetatu vipo, cha kushoto kimefutika nusu. Mikono inanitetemeka.

#13 MsafiriLuxor
Hongera, lakini fundi wa Qurna naye alitoboa kwa mkono, na mfano wa kuiga alikuwa nao mezani. Hizo dalili zinaruhusu kuwa ni wa kale. Hazithibitishi.

#14 Shangazi_Kibokoni
Wanangu, mnazungumza mawe na matanuru, mie naona jambo liko wazi. Kitu kimetobolewa kipitishwe uzi, kina jina la mfalme mwenye nguvu, mtu akakivaa mwilini. Hiyo ni hirizi. Mie mwenyewe utotoni nilifungwa kauri kiunoni na bibi yangu, na mpaka leo mume wangu havui pete yake ya akiki. Jina linabadilika, haja ya binadamu ni ileile: asidhurike.

#15 Mchimbuzi
Shangazi, umegusa mahali penyewe. Wamisri nao walikuwa na akiki. Kuna ushanga mmoja wa akiki nyekundu, umbo la pipa, waliouita *seweret*, ambao maiti alivalishwa kooni. Unaonekana umechorwa ndani ya majeneza ya Ufalme wa Kati, enzi ya kabla ya Ufalme Mpya, pamoja na vitu vingine vya marehemu.

Na kauri pia. Mwaka 1914 watu wa mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie, akiwemo Guy Brunton, walifukua huko Lahun vito vya binti mfalme Sithathoryunet. Mlikuwa na mkanda wa kiunoni wenye kauri za dhahabu, na ndani ya kila kauri mna vipande vidogo vya madini. Akitembea zilikuwa zinalia.

#16 Shangazi_Kibokoni
Zinalia kama njuga! Mwenyezi Mungu akuweke, umenifurahisha usiku huu.

#17 KaraniMstaafu
Napingana na Shangazi kwa heshima zote. Mimi nasema muhuri.

Nilifanya kazi ya ukarani miaka 31. Nilipoanza, mifuko ya nyaraka tulikuwa tunaifunga kwa kamba, tunayeyusha lakiri nyekundu juu ya fundo, tunagandamiza muhuri wa shaba kabla haijapoa. Ukiugandamiza mapema lakiri inanata kwenye muhuri, ukichelewa inapasuka. Kazi ya yule muhuri ilikuwa moja: anayepokea ajue kama mfuko umefunguliwa njiani.

Wamisri walitumia udongo badala ya lakiri. Walifunga kamba kwenye mlango wa ghala, sanduku au barua ya mafunjo, wakaweka donge la udongo, wakagandamiza dundu. Kwenye ngome zao za Nubia, kusini mwa Misri, kama Uronarti, wachimbaji wameokota maelfu ya madonge ya namna hiyo. Ndiyo maana tumbo la ushanga huu ni bapa na limeandikwa. Kama ni pambo la kuvaa, kwa nini maandishi yawe upande usioonekana?

#18 Kisimani
Karani, hata aya iliyomo ndani ya hirizi ya ngozi haionekani. Imeshonewa ndani kabisa. Kutoonekana ndiyo nguvu yake.

#19 KaraniMstaafu
Hapo umenibana, Kisimani. Nitafikiri.

#20 Mchimbuzi
Mko sawa wote kwa nyakati tofauti. Kwenye Ufalme wa Kati majina na vyeo vya maofisa viliandikwa kwenye madundu, hizo ni zana za ofisi. Mtu mmoja aitwaye Wah, msimamizi wa ghala huko Thebes, alizikwa na madundu ya fedha, moja likiwa na jina lake na la bwana wake Meketre. Lakini hayahaya ya ofisini mtu aliyavaa akiwa hai na akazikwa nayo. Sidhani mwenyewe aliona mpaka kati ya muhuri na kinga.

Kwenye dundu la babu kuna utata mwingine. Mfaransa Étienne Drioton alipendekeza kwamba zile alama tatu, jua, ubao na dundu, mara nyingine si jina la Thutmose hata kidogo. Ni fumbo la jina la mungu Amun, maana yake Aliyefichika. Wapo waliomfuata na wapo waliomkataa. Mimi nipo katikati.

#21 Ngamia77
Nimesoma mahali kwamba dundu huwekwa juu ya moyo wa maiti. Isije ikawa hiki kimetolewa kifuani mwa mtu. Hapo mama atakuwa na haki.

#22 MwanaPangani
Ngamia, tafadhali! Mama yuko chumba cha pili.

#23 Mchimbuzi
Si hilo. Dundu la moyo ni kubwa zaidi, mara nyingi la jiwe la kijani kibichi, na tumboni lina mistari ya maandishi, ile sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, maneno yao ya kumlinda marehemu. Marehemu anausemesha moyo wake, moyo aliopewa na mama yake, usisimame kutoa ushahidi dhidi yake siku ya mizani. Milimita 16 haitoshi maneno hayo.

Hata hivyo siwezi kumwambia mama kwamba hiki hakikutoka kaburini. Madundu madogo mengi yaliyosalimika yalitoka makaburini, ingawa mengine yameokotwa kwenye nyumba na mahekalu.

#24 Kisimani
Mbona mengine nimesikia ni makubwa kama kiganja?

#25 MsafiriLuxor
Hayo ni ya Amenhotep wa Tatu. Alitoa madundu makubwa yenye habari, kama matangazo ya ikulu, na zaidi ya 200 bado yapo. Moja linasema katika miaka kumi ya kwanza ya utawala aliua simba 102 kwa mishale yake mwenyewe. Jingine linaeleza kuwasili kwa Gilukhepa, binti wa mfalme wa Mitanni, pamoja na wanawake 317. Na pale Karnak, kando ya ziwa takatifu, kuna dundu lake la jiwe juu ya nguzo. Watalii hulizunguka wakiomba bahati. Nililizunguka mara saba na mtihani nikafaulu, ingawa nilikuwa nimesoma pia.

#26 Ngamia77
Simba 102? Yanga wangempa uanachama wa heshima.

#27 Kisimani
Ngamia tulia! Huu uzi una watu wazima.

#28 FundiTabaka
Mimi nataka kumtaja mfalme Tutankhamun kidogo, maana nilipoona picha yake sikulala. Kati ya vito vyake vya kifuani, lile kaburi lililofunguliwa 1922, kuna dundu la rangi ya njano iliyofifia. Kwa miaka mingi waliliita akiki nyeupe. Miaka ya 1990 Mtaliano Vincenzo de Michele alilipima akakuta ni kioo cha asili kutoka jangwa la mpaka wa Misri na Libya, kilichoyeyuka miaka milioni 29 hivi iliyopita. Jaribu kuwaza fundi alivyokipokea. Hakina ulaini wa jiwe la sabuni, kinavunjika kama chupa, na mfalme anasubiri.

#29 MsafiriLuxor
MwanaPangani, kuna jambo la sheria. Tangu 1983, kwa Sheria namba 117, Misri ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale na kuvitoa nchini. Kabla ya hapo maduka yenye leseni yalikuwepo. Mchuuzi wa mashua hakuwa na leseni wala stakabadhi. Ukija kuuza, hilo litaulizwa. Na ukiutuma ubalozini ukakuta ni wa bandia, hujapoteza kitu.

#30 MwanaPangani
Kuuza sijawahi kuwaza hata dakika moja. Kuurudisha nimewaza. Lakini ni kitu pekee ambacho babu alikifunga fundo.

#31 Sheha_wa_Kale
Kuhusu wasiwasi wa mama. Kuweka kitu kwa kumbukumbu ni jambo moja, kukivaa kwa kuamini kinakinga ni jambo jingine. Mkiwa hamuuitakidi, mimi sioni sababu ya kuutupa. Wanaochukua msimamo mkali zaidi wapo na nawaheshimu. Mama asilazimishwe.

#32 Shangazi_Kibokoni
Sheha amenena. Mwanangu, usimshinde mama kwa hoja. Mweke karibu aangalie.

#33 KaraniMstaafu
Nimefikiri usiku kucha juu ya hoja ya Kisimani. Pendekezo langu: kanda unga kwa maji matupu, bila mafuta wala chumvi, mgandamize dundu taratibu. Muhuri wa kweli huchongwa kinyume ili chapa itoke sawa. Kama chapa inasomeka, nimeshinda.

#34 Mchimbuzi
Karani, jua, ubao na dundu vyote vina sura moja kulia na kushoto. Chapa itasomeka vyovyote vile. Na ningependa tusigandamize kabisa, huo usamawati uliobaki ni mwembamba.

#35 KaraniMstaafu
Kweli kabisa. Hilo sikuliona. Basi msifanye.

#36 MwanaPangani
Mmechelewa wakuu, tumeshafanya, na aliyefanya si mimi.

Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Nikamsomea posti ya Karani, nikijua atanifukuza. Akakata donge kabla hajatia mafuta, akasema lete. Akaugandamiza kwa kidole gumba akauinua. Kwenye unga wametokea watatu wale, jua, ubao, na yule dundu mdogo, amesimama juu amevimba hasa, miguu inahesabika. Ushanga wenyewe nimeukagua kwa tochi, usamawati haujatoka. Mama aliliangalia lile donge muda mrefu.

Ndipo bibi akaongea kutoka kwenye jamvi lake. Anasema babu hakuununua kwa pesa. Mchuuzi alikuwa na mtoto mgonjwa mle kwenye mashua, babu akamshushia mikate na kopo la maziwa kwa kamba, na mchuuzi akautia ushanga huu ndani ya kikapu kilipopandishwa. Na anasema babu alikuwa akiufunga kiunoni kila wakienda safari, akifika nchi kavu anauvua.

#37 Shangazi_Kibokoni
Si nilisema.

#38 MsafiriLuxor
Hilo linabadilisha kidogo. Mtu haombi kuuza, anatoa alichonacho. Lakini hata cha bandia kinaweza kutolewa kwa moyo safi. Bado sijui.

#39 Mchimbuzi
MwanaPangani, muulize bibi kama ulikuja na uzi wake. Na kama kuna picha ya tumbo, itume kwa mwanga wa ubavuni.

#40 MwanaPangani
Bibi anasema uzi ulikuwa mweusi, ulikatika wakiwa safarini na babu akaubadilisha kwa uzi wa nyavu. Picha nitajaribu kesho kukikucha, maana kwa sasa sinao. Mama ameuchukua, akaufunga kwenye kitambaa cha babu, fundo lilelile, akaingia nao chumbani. Donge la unga ameliweka dirishani likauke.